Kamba ya Mwembeni

Tunaishi Kisarawe. Mwaka 2016 kaka yangu aliugua akili. Alikosa usingizi. Alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Hakumgusa mtu.

Watoto walimtupia mawe. Siku moja naye alirudisha jiwe, likampata jirani. Watu walisema, "Kichaa anaua!" Tulimfunga kamba mwembeni siku mbili. Mimi mwenyewe nilikaza fundo.

Mama alilia, akasema apelekwe hospitali. Tulimpeleka Tumbi, Kibaha. Daktari aliangalia mikono iliyochubuka. Aliuliza, "Nani alianza kutupa mawe?" Tulinyamaza.

Alipewa dawa. Sasa analima mihogo, na kila mwezi anachomwa sindano. Jirani yule hununua mihogo yake. Watoto wale wamekua, humwamkia, "Shikamoo." Mimi bado sijamwomba radhi.