Ukungu wa Kisangani

Atakaye kuujua mji wa Kisangani na aamke mapema, kabla jua halijapanda. Mji huu, ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, uko karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, nao umezungukwa na msitu. Mto Kongo huufikia ukiisha kuporomoka katika maporomoko 7 ya Boyoma, na mito ya Tshopo na Lindi hupita jirani. Alfajiri ukungu hutanda majini, hata Wagenya waendao kutazama mitego yao ya samaki husikika sauti kabla hawajaonekana. Kwa mtu wa mtumbwi hilo si neno: hungoja kidogo, au husikiliza ngurumo ya maji akajua alipo. Kwa mtu aliye angani ni jambo jingine kabisa.

Nami nilijifunza jambo hilo kwa hasira, yafaa niungame. Mama yangu mkubwa alifariki Kisangani, na mazishi yakawekwa kesho yake saa nane mchana. Mimi nilikuwa Bunia. Kwa barabara ya Mambasa na Nia-Nia, wakati wa mvua, nisingefika hata kwa siku kadhaa. Basi nikapata nafasi katika ndege ndogo ya injini moja. Tuliondoka asubuhi, anga nyeupe. Vilima vya Bunia vikaisha, ukaanza msitu wa Ituri, miti kwa miti, pasipo uwazi wa kutua. Baada ya saa moja hivi mawingu yaliyokuwa chini yetu yakaanza kushikamana, na mbele pakasimama weupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Rubani hakusema neno. Aligeuza ndege polepole, tukarudi Bunia.

Abiria tulinung'unika sana. Mimi, mwalimu mzima, nilimwambia kwamba ni mwoga. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nimegeuka ningali naona. Ningeingia mle, nisingejua kama nageuka au naanguka."

Sikuyaelewa maneno hayo mpaka jioni, aliponieleza habari ya sikio. Ndani ya sikio mna vijifereji 3 vyenye majimaji, navyo hutuambia tunapogeuka au kuinama. Lakini ndege ikizunguka taratibu kwa muda wa nusu dakika hivi, majimaji yale huzoea mwendo huo, na mwili husema: umenyooka. Rubani akiinyoosha ndege kweli, mwili humwambia kwamba sasa anageukia upande wa pili! Basi huirudisha penye kosa. Bawa hulala, ndege hushuka na kuongeza mbio, naye huvuta usukani ili ainue pua yake, kumbe azidi kukaza mzunguko ule ule. Macho yakiona ardhi huusahihisha mwili mara moja. Katika ukungu macho hayana la kusema.

Mwaka 1954 walimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walijaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa kufuata saa za ndege peke yake. Wakazuiwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege, na kwa wastani ilikuwa baada ya sekunde 178. Hata dakika 3 hazikutimia. Walipofundishwa kuviamini vile vyombo vilivyo mbele yao kuliko miili yao, karibu kila jaribio la kugeuka na kurudi lilifaulu.

Mtu atauliza, nani basi aingiaye ukunguni kwa hiari? Hakuna, kwa kweli. Ukungu huzidi kidogo kidogo, kiwanja ni karibu, mafuta yamekwisha kununuliwa, na nyuma ya rubani wamekaa watu kama mimi.

Siku ya pili anga ilifunguka. Tulitua Bangoka, kilomita 17 hivi kutoka mjini, saa nne asubuhi. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa marehemu, alikuwa akiningoja na pikipiki. Kabla hatujaondoka alinyosha mkono kuelekea msituni. Huko, tarehe 8 Julai 2011, ndege ya Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ilipojaribu kutua katika dhoruba ya mvua. Watu zaidi ya 70 walikufa. Nayo haikuwa ndege ndogo, wala rubani wake hakuwa peke yake.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi kwa kukosa mazishi, na mengine machache ya kumlaumu rubani. Makaburini udongo ulikuwa ungali mbichi. Kaka aliniuliza, "Jana ndege ilirudi kwa ukungu?"

"Ilirudi."

"Vema," akasema, akanipa jembe ili nami nitie udongo wangu.