Mahindi ya Meksiko, Mbavu za Kikorea

Dada yangu aliyeko Korogwe aliposikia kuwa nasafiri kwenda Marekani, hakuniagiza nguo wala saa. Alisema: "Ukifika Los Angeles mtazame mwanangu kama anakula, na anakula na nani." Mpwa wangu huyo alikuwa ametimiza miaka 11 huko, akifanya kazi ya usiku ya kufua mashuka ya hospitali. Nami nilifika kwake Oktoba 2019.

Siku ya pili, alipoamka adhuhuri, alinishika mkono. "Mjomba, leo twende tukale taco." Niwie radhi, ndugu msomaji, hasa ikiwa unausoma ukurasa huu mbele ya wakwe, lakini hilo ndilo jina la chakula chenyewe kwa Kihispania na hakuna njia ya kulikwepa. Nilicheka mpaka tukafika kituo cha basi.

Tulishuka katika mtaa uitwao Koreatown. Wakorea walianza kuhamia huko kwa wingi baada ya Marekani kubadili sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965. Hata hivyo, ukitembea mtaani humo utasikia Kihispania kila pembe, kwani wakazi wengi wana asili ya Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na hao ndio wakata nyama na waosha vyombo katika majiko ya hoteli nyingi za Wakorea. Miaka nenda miaka rudi watu hawa walitoka jasho katika jiko moja, na kazi ikiisha kila mmoja akaenda kutafuta chakula cha kwao.

Mwaka 2008, wakati wa msukosuko mkubwa wa uchumi, mpishi Roy Choi, mzaliwa wa Seoul aliyekulia California, pamoja na wenzake walianza kuuza taco zenye nyama ya Kikorea ndani ya gari walilolipa jina la Kogi, ambalo kwa Kikorea ni nyama. Gari lilihama kila usiku, likitangaza kituo chake kwa Twitter, na watu walipanga foleni ndefu kando ya barabara. Wengi wameiga tangu hapo.

Mkahawa tulioingia ulikuwa na meza sita tu. Unaagiza kwa kusimama dirishani, unalipa, unaitwa. Kililetwa chakula juu ya karatasi: chapati mbili za mahindi, ndogo kama kisahani cha kikombe, na ndani yake vipande vya mbavu za ng'ombe vilivyolazwa katika sosi ya soya, sukari, vitunguu saumu na mafuta ya ufuta, kisha vikachomwa kwa moto mkali. Juu yake giligilani, ndimu, na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Nilipouma, mchuzi ulitiririka mpaka kwenye kiwiko. Sukari katika nyama sikuizoea, na sijaizoea hadi leo. Lakini ukali wa ile kabichi uliikata sukari hiyo sawasawa kama ndimu inavyokata mafuta, nikaagiza nyingine.

Kilichonishangaza zaidi ni chapati. Sisi tulao ugali husaga mahindi makavu. Wao huyachemsha kwanza kwa maji ya chokaa, jamii ya ile itiwayo kwenye tambuu, ganda likavuka, ndipo wakayasaga. Unga wake hushikana bila ngano, na mwili hupata lishe ambayo mahindi matupu huificha. Mahindi yalipoletwa kwetu na Wareno, ujuzi huo haukuja nayo. Pilipili nayo asili yake ni Amerika. Inasemekana ilifika Korea mwishoni mwa karne ya 16, na kabla yake kimchi haikuwa nyekundu. Kwa hiyo pilipili ile ilikuwa imezunguka dunia, ikarudi kukaa juu ya mahindi iliyozaliwa nayo.

Mama mwenye mkahawa, Mkorea, alituonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara. Duka la baba yake lilikuwa pale hadi ghasia zilizozuka tarehe 29 Aprili 1992, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa mjini na maduka ya Wakorea yapatayo 2,000 yakaporwa au kuchomwa. Hakuongeza neno. Alirudi dirishani kupokea pesa za vijana waliokuwa wakisubiri.

Zamu ilipokwisha, mpishi, mzee kutoka Oaxaca, alivua aproni akaja na sahani yake mezani petu bila kukaribishwa. Kumbe ndiyo desturi yake na mpwa wangu kila Jumanne. Kiingereza chao wote wawili ni cha kuokoteza, wakala, wakabishana juu ya mpira.

Niliporudi nilimweleza dada kuwa mwanawe anakula mahindi, na anakula na mzee wa watu wa Meksiko. Aliuliza kama mzee huyo ana watoto. Sikujua. Baada ya wiki moja alinitumia kifurushi cha pilipili kichaa kavu kutoka shambani kwake, nimpelekee mzee nikibahatika kusafiri tena. Kipo kabatini mpaka leo, na kila nikifungua mlango napiga chafya.