Tende na Wimbi

Kina mama wa Pwani hutuuliza sisi tuishio Angurai, kaskazini ya Busia, tunakula nini mahali pasipo minazi. Twala atap, sima ya unga wa wimbi na muhogo, nyekundu mfano wa udongo, inayonata hata vidole huizoea kabla ya ulimi. Kitoweo chake ni majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga za kusaga. Aliyelelewa kwa tui la nazi hatapata taabu kuyapenda. Hunawa, tukazunguka chombo kimoja, tukala kwa mkono wa kulia, kama mlavyo nyinyi kwenye sinia.

Jamaa za mama wa nyumba hii ni Wateso, wala si Waislamu. Wakitualika hawachinji kuku mpaka mmoja wetu afike aseme Bismillahi. Heshima hiyo hatukuiomba.

Lakini wimbi lile lile ndilo la ajon, pombe inywewayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Na desturi ya Kiteso ni kwamba mtoto mchanga hupewa kinywani kidole kilichochovywa katika ajon, huku majina ya wazee yakitajwa. Akinyonya, jina limekubaliwa. Alipozaliwa binti yetu, nyanya yake akaja na kibuyu kidogo. Tulimkatalia. Akaketi jikoni kimya, naye si mtu wa kunyamaza.

Siku ya pili tukamweleza tahniki: kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitafuna tende na kumpaka mtoto mchanga kinywani. Akauliza tende ni kitu gani. Tulikuwa nazo chache, masalio ya Ramadhani. Akaitafuna moja polepole, akasema ni tamu mno kwa jambo zito kama jina. Kisha akampaka mjukuu wake, akitaja jina la marehemu mama yake. Mtoto akanyonya.

Jina tulilomchagulia sisi lilitangazwa siku ya saba, kwa mbuzi mmoja wa akika. Wajomba wawili hawakuja kula; walisema mtoto bado hana jina. Mmoja amekwisha kurudi mezani petu. Mwingine hupita njia ya mbali. Nyanya angali akimwita binti yetu kwa jina la mama yake, naye huitikia yote mawili.