Kamba ya Baba Mezani kwa Wameksiko

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Mimi nilitembea mbali sana, nikala chakula nilichodhani nimekiacha nyumbani. Jumapili ya leo nakuomba uketi nami kwenye meza moja ndogo, katika mtaa mmoja wa jiji la Chicago, nchini Marekani, nikusimulie jinsi sahani ya mahindi na maharage ilivyonifunza adabu nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto.

Sharti nianze na kilichokuwa moyoni mwangu. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mkata katani katika shamba moja wilayani Korogwe. Wewe uliyekulia mkoani Tanga unaijua kazi hiyo: mtu huingia shambani kabla jua halijachomoza, hukata majani yenye miiba nchani, huyafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na hulipwa kwa hesabu ya mafungu yake. Kwa panga hilo baba alitusomesha, kaka yangu na mimi. Mimi nikapata stashahada ya uandishi wa habari; kaka akapata njia ya kwenda Marekani, nako ameishi miaka 14.

Siku ya mazishi kaka hakuja. Fedha zilikuja, tena nyingi. Jeneza, maturubai, mchele na nyama ya waombolezaji, vyote vilitoka mfukoni mwake. Lakini fedha haishiki koleo. Nilipofukia kaburi la baba pamoja na majirani, nilikuwa nikitazama upande wangu wa kulia, mahali ambapo mzaliwa wa kwanza angesimama, na mahali pale palikuwa patupu. Usiku ule nilimpelekea kaka ujumbe wa maneno matatu: "Mkataa kwao mtumwa." Hakujibu. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kupitia kinywa cha mama.

Oktoba iliyopita nilipata nafasi ya kwenda Chicago kwa mafunzo mafupi ya kazi yangu. Mama aliposikia, alinipa kamba ya katani, nyembamba, iliyoviringishwa vizuri kama nyoka aliyelala. "Baba yenu aliisokota mwenyewe mwezi wake wa mwisho," akaniambia. "Mpe kaka yako. Usimwambie neno. Mpe tu." Nikaitia katika sanduku, chini ya nguo, na neno langu nikalibeba vilevile.

Kaka alinipokea kwa heshima, akanipa kitanda chake, yeye akalala sakafuni. Hufanya kazi za usiku katika ghala la bidhaa, kwa hiyo siku nyingi tulipishana mlangoni. Tulizungumza habari za hali ya hewa na bei za vitu, kama wageni wawili ndani ya basi. Jumamosi ya kwanza akasema, "Mdogo wangu, vaa koti. Twende nikakuonyeshe mahali ninapokula."

Tulipanda treni inayopita juu ya mitaa, tukashuka katika kitongoji kiitwacho Pilsen. Jina hilo waliliacha wahamiaji wa Kicheki, waliolichukua kutoka mji wa kwao huko Ulaya. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, Wameksiko walihamia kwa wingi, na leo ukitembea katika Mtaa wa 18 utaona kuta zilizochorwa picha kubwa za rangi kali, na maduka ya mikate yenye maandishi ya Kihispania. Lipo pia jumba la makumbusho ya sanaa ya Kimeksiko, lililofunguliwa mwaka 1987. Watu wa mahali hapo ni wafanyakazi: mafundi ujenzi, wapishi, wasafishaji wa maofisi, madereva.

Mkahawa wenyewe, ndugu msomaji, usingeutazama mara mbili. Nusu yake ni ukumbi wa kulia, nusu ni baa, na hapakuwa na ukuta wa kutenga pande hizo mbili. Meza hazikuzidi nane. Kwenye kaunta waliketi wanaume wawili wenye buti zenye vumbi la saruji, wakitazama mpira katika televisheni. Karibu na mlango palikuwa na mama na watoto wake watatu, na mdogo wao amelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Mwenye mkahawa ni mama mnene wa makamo. Alipomwona kaka alitoka jikoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwita kwa Kihispania, "mwanangu". Kaka akamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Nilishangaa. Miaka 14, nami sikujua kwamba ndugu yangu wa tumbo moja anasema Kihispania.

Kabla hatujaagiza, tuliletewa vipande vikavu vya mahindi vilivyokaangwa pamoja na kibakuli cha mchuzi mbichi wa nyanya, kitunguu, giligilani na pilipili. Kisha likaja bakuli la nyama ya mbuzi iliyochemshwa mpaka ikaacha mifupa, mchuzi wake mwekundu kwa pilipili kavu. Wao huita biria, na asili yake ni jimbo la Jalisco. Pembeni palikuwa na maharage yaliyopondwa, ndimu zilizokatwa, na tortila: vichapati vyembamba vya mahindi, vya moto, vimefunikwa kwa kitambaa kama vile mama afunikavyo chapati zetu. Hapakuwa na kijiko cha nyama. Unachana tortila, unamega, unachovya. Kwa kinywaji tulipewa maji ya mchele yaliyotiwa sukari na mdalasini, ambayo mtu wa pwani angeyanywa bila kuuliza jina lake.

Nikatania, japo si kwa moyo mweupe: "Kaka, nimevuka bahari kuja kula mahindi na maharage?"

Akacheka. "Wewe ndiye umekuja kwa wenyewe," akasema.

Naye alisema kweli. Mahindi, ambayo sisi hudhani yaliumbwa pamoja na ugali, yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni. Yalifika Afrika baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki, kuanzia karne ya 16. Maharage tunayopika kila siku, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni mabara ya Amerika. Ukiondoa vitu vya watu hao jikoni kwako, utabaki na sufuria na maji.

Ila lipo jambo moja ambalo halikusafiri pamoja na mbegu. Yule mama alituita mlangoni mwa jiko akatuonyesha sufuria kubwa, kaka akinitafsiria. Mahindi makavu huchemshwa kidogo katika maji yenye chokaa, hulazwa humo usiku kucha, asubuhi huoshwa hadi maganda yatoke, ndipo husagwa yangali mabichi. Chokaa hiyo hulainisha punje, na hufungua vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata katika unga wa kawaida. Mahindi yalipopelekwa nchi nyingine bila ujuzi huo, maskini waliokula mahindi peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi na kuchanganyikiwa akili. Watu walichukua mbegu bila kumuuliza mwenye mbegu namna ya kuipika.

Tuliporudi mezani nilitazama kaunta. Mmoja wa wale mafundi alikuwa akinywa bia ya Kimeksiko iitwayo Corona. Nikamwonyesha kaka kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tulicheka pamoja. Kwa watoto wa mashamba ya katani, korona ni ile mashine inayoparua majani na kutoa nyuzi, ambayo ngurumo yake ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia. Nyuma ya kaunta zilipangwa chupa za tekila, na kwenye karatasi ya chupa moja nikauona mmea. Ndugu msomaji, niliinuka nikaenda kuutazama karibu. Majani marefu yaliyosimama kama mikuki, mwiba nchani. Nilidhani ni katani.

Haikuwa katani yenyewe, bali ndugu yake. Mimea hiyo ni ya jamii moja, agave. Wa tekila hulimwa zaidi Jalisco, na mkulima huungoja miaka sita, saba au zaidi, kisha hukata majani yote na kuchukua moyo wake mkubwa unaofanana na nanasi. Moyo huo huokwa, hukamuliwa, na maji yake huchachushwa na kukenekwa. Katani yetu nayo asili yake ni Meksiko, na jina lake la Kiingereza, sisal, ni la bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ili aipande karibu na Pangani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalienea mashamba yaliyoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na ndani ya mojawapo baba yetu alimaliza nguvu zake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kamba. Ilikuwa mfukoni mwa koti. Kila siku nilikuwa nimeichukua na kila siku nimerudi nayo. Nikaiweka mezani, kati ya ndimu na maharage. Nilifanya kama mama alivyosema. Sikutamka neno.

Kaka aliitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza imetoka wapi. Alipitisha kidole gumba juu ya msokoto, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakuta lile fundo dogo ambalo baba alikuwa akilifunga mwishoni mwa kila kamba. Akaishika pale kwenye fundo, akainamisha kichwa.

Mpishi mmoja aliyekuja kuondoa vyombo aliiona ile kamba. Akafuta mikono, akaomba kuishika, akainusa. Alisema kwamba yeye ni mtu wa Yucatán, na babu yake alikata majani ya mmea ulio ndugu wa huo, akisokota kamba na kufuma vitanda vya kuning'inia. Akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu arudishavyo mtoto wa mwenzake.

Alipoondoka kaka akasema: "Siku mlipomzika baba nilikuwa hapa, meza hii hii."

Kisha akanieleza yale ambayo hakuwahi kuyaeleza. Wakati ule karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka nje ya nchi, pengine asingeruhusiwa kurudi, na fedha alizokuwa akituma ndizo zilizokuwa zikimnunulia baba dawa, na baadaye kumsomesha binti wa dada yetu. Hakutuambia kwa sababu mwaka ule wa kwanza alituambia mambo yote yamekamilika, ili mama apate usingizi. Akabaki mateka wa uongo wake. Usiku wa mazishi alitoka kazini, akaja hapa kwa sababu taa zilikuwa zinawaka. Yule mama alimwona amekaa bila kuagiza. Akamletea mchuzi, akafunga mlango wa mkahawa, akaketi naye hadi alfajiri. Watu wa mkahawa huu nao wamezika wazazi wao kwa simu. Hawakuhitaji kuelezwa.

"Ujumbe wako uliingia nikiwa nimekaa hapo ulipokaa wewe," akasema. "Sikujibu kwa sababu nilidhani umesema kweli."

Ndugu msomaji, nimeandika maneno mengi katika kazi yangu, na mengine nimesahau. Matatu yale sitayasahau. Nilimwomba kaka msamaha pale pale, mbele ya wale mafundi wa buti za vumbi. Naye aliniomba radhi kwa ule uongo wa mwaka wa kwanza. Yule mama alitumwagia tekila kidogo, kiasi cha vidole viwili, akakataa malipo. Iliniunguza koo. Ndani ya moto ule nilisikia harufu ya mbali niijuayo, kama ya majani yaliyookwa, au labda nilitaka tu kuisikia.

Ilipotimu saa nne za usiku kule, kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Tulimpigia mama simu. Kaka alimweleza habari za karatasi mwenyewe, bila kumung'unya. Mama alinyamaza. Nilimsikia jogoo wa jirani. Kisha akauliza jambo moja tu: "Mmekula pamoja?"

"Tumekula pamoja, mama," kaka akajibu.

"Basi," akasema.

Wewe usomaye gazeti hili huku unasubiri chakula cha mchana, huenda nawe unaye mtu wako mbali: Dubai, Muscat, London, au hapo Mwanza tu. Huenda alikosa harusi au msiba, nawe ukamhukumu katika kikao ambacho yeye hakuwapo. Mimi sisemi kwamba kila asiyekuja ana sababu njema. Nasema tu kwamba nilipata jibu la miaka mitatu kwa kukaa kitako na kumega mahindi katika bakuli moja na mwenye jibu. Muulize. Ukiweza, muulize mkiwa mnakula.

Ile kamba haikurudi nami. Imetundikwa kwenye ukuta wa chumba cha kaka, juu ya kitanda alichonipisha.