Mamboleo: Trekta Inaposhindwa Kuvuta

Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Kakamega, hukawii kufika Mamboleo. Hapa ndipo inapochepuka njia ya Miwani, Chemelil na Muhoroni, nchi ya miwa. Wakazi wa mjini huijua Mamboleo kwa maonyesho ya kilimo na, tangu 2021, kwa Uwanja wa Jomo Kenyatta. Lakini hebu, msomaji, ifuate njia ya miwa wakati wa mvua. Huenda ukaikuta trekta yenye trela iliyosheheni, magurudumu yakizunguka papo hapo katika udongo mweusi wa uwanda wa Kano, unaonata kama ulimbo.

Huko Marekani watu hulipa kiingilio kutazama trekta ikihangaika hivyo. Mashindano ya kuvuta kwa trekta yalianza huko 1929. Awali walioshindanishwa walikuwa farasi. Trekta hufungiwa chombo kizito chenye magurudumu nyuma na bamba pana la chuma mbele. Juu yake kuna sanduku la vyuma. Safari inapoanza sanduku huwa nyuma, juu ya magurudumu, na mzigo huwa mwepesi. Kadiri trekta inavyosonga, sanduku huletwa mbele, bamba hukandamizwa ardhini, na mzigo huzidi hadi trekta isimame. Aliyefika mbali ndiye mshindi. Njia yenyewe ni kama mita 100 tu.

Mara nyingi kinachoshindwa si injini, ni magurudumu kukosa kushika ardhi. Tena mzigo ukikaza, pua ya trekta huinuka. Ndiyo sababu washindani hufunga vyuma vizito mbele, na kanuni huweka kikomo cha kimo cha mahali pa kufungia mnyororo. Ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, trekta yaweza kupinduka chali na kumlalia dereva kabla hajawahi kuruka.

Dereva wa miwa hana mwamuzi wa kumsimamisha. Tena ana haraka, kwani miwa iliyokatwa ikichelewa kufika kiwandani hupungua uzito na sukari. Hata hivyo, akikwama, heri afunge mnyororo chini, kwenye chuma cha kuvutia, au apunguze mzigo, au aingoje trekta ya pili.

Basi siku mtakapopita Mamboleo na watoto wakacheka trekta iliyokwama, waelezeni. Miwa iliyochelewa hupunguza malipo. Trekta iliyopinduka huacha mayatima.