Kisichofunguka Hakijapotea

Mtu akipatwa na hitilafu hulaumu jambo la mwisho lililotokea. Mimi nami nilifanya hivyo, na nusura niharibu kazi ya muhula mzima.

Ilikuwa Agosti 2020, hapa Mtowisa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Shule zilikuwa zimefunguliwa tena tarehe 29 Juni baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, nasi walimu tulikuwa tukikimbizana na siku. Alama zote za kidato cha nne zilikuwa ndani ya kompyuta yangu, inayotumia mfumo wa Linux uitwao Ubuntu. Karatasi nilikwisha kuwarudishia wanafunzi. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Jioni moja nilisasisha programu kwa intaneti ya simu. Asubuhi kompyuta ikagoma. Kwenye kioo cheusi iliniarifu kwamba kitu kiitwacho grub_calloc hakikupatikana, ikakwama hapo. Fundi mmoja niliyempigia simu akanishauri nifute kila kitu, nipandikize mfumo upya. Mkono ulikuwa tayari kutii, lakini ningewaambia nini watoto wale?

Nikamtafuta kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Masasisho yameniulia kompyuta."

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Diski hiyo ndiyo iliyokuja na kompyuta, mwalimu?"

La, haikuwa hiyo. Mwaka uliotangulia nilinunua diski kubwa zaidi, nikahamishia humo kila kitu, nami nikasahau.

Hapo akanifungulia fumbo. GRUB, programu inayouamsha mfumo, ina sehemu mbili. Moja hukaa mwanzoni kabisa mwa diski. Nyingine hukaa ndani, pamoja na mafaili mengine. Mwishoni mwa Julai 2020 ilitolewa GRUB mpya ili kuziba tundu la usalama lililoitwa BootHole. Kwangu sehemu ya ndani ilibadilishwa, lakini ile ya mwanzo ikabaki ya zamani, kwa kuwa kumbukumbu ya mfumo bado ilitaja diski niliyoitoa. Sehemu mpya ikaomba kitu ambacho ile ya zamani haikukijua.

"Haikukuuliza kitu jana, mwalimu?"

Iliuliza. Nilikubali bila kusoma, mimi ninayewakemea wanafunzi kila siku wasome swali kabla ya kujibu.

Niliwasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu niliyokuwa nimeihifadhi, nikaifungua diski. Alama zote zilikuwamo, hata moja haikupungua. Nikazinakili kwanza. Kisha, kwa maelekezo yake, nikaiandika GRUB upya kwa amri ya grub-install nikitaja diski iliyomo, nikairekebisha na ile kumbukumbu. Kompyuta ikawaka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu haukuwa wa jana. Ulikuwa na umri wa mwaka, nami nilikuwa nimeupa kisogo. Tangu siku ile, mlango ukikataa kufunguka siharakishi kubomoa nyumba. Kwanza huuliza ni nini nilichokibadilisha zamani nikasahau kuwaarifu wanaohusika. Nimeliona hilo katika kompyuta, na tangu hapo nimeliona pia baina ya watu.