Petroli ya Kushukia Haitoshi Kupandia

Barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa kilometa 485 hivi, na katika mwendo huo humpandisha msafiri kutoka usawa wa bahari mpaka kimo cha meta 1,600 na zaidi. Jambo hili halionekani kwa macho, kwa maana hakuna mlima mmoja mkubwa ambao dereva aweza kuunyoshea kidole na kusema kwamba huu ndio uliomaliza petroli yake. Nchi huinuka kidogo kidogo, mchana kutwa, kama mtu apandaye ngazi gizani. Ndiyo sababu wenye magari kuukuu hudanganyika. Walishuka pwani salama, petroli ikabaki, wakafurahi. Wakati wa kurudi hununua kiasi kile kile, na gari huzimika njiani mahali pasipo nyumba wala duka.

Yafaa basi msafiri aijue barabara hii hatua kwa hatua kabla ya kuwasha injini. Akiisha kuvuka kutoka kisiwani, hupanda vilima vya Mazeras, kisha hufika Mariakani ambako minazi yaanza kupungua. Mbele yake ni Nyika ya Taru, nchi ya miti ya miiba na udongo mwekundu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nyika hii iliwatesa sana wajenzi kwa ukosefu wa maji, hata ikawa lazima maji yaletwe kwa gari la moshi kutoka nyuma. Katikati ya nyika hiyo, hapo Mackinnon Road, pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambaye yasemekana alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa reli. Wasafiri wengi, hata wasio Waislamu, husimama hapo kuomba safari ya amani. Ni desturi njema. Walakini atakayesimama kuomba, na achungulie pia tangi lake, maana Voi bado iko mbele.

Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kilometa 160 hivi. Kutoka Voi mpaka Mtito Andei ni 95 hivi, na sehemu hii ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa barabara na reli zapita katikati ya hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948. Upande huu ni Tsavo Mashariki, na upande ule ni Tsavo Magharibi, na ndovu hawaulizi ruhusa ya kuvuka. Daraja la Mto Tsavo ndipo mahali ambapo simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, hata kazi ikasimama. Kutoka Mtito Andei mpaka Nairobi zimebaki kilometa 230 za kupanda, kupitia Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Salama.

Sasa na tuyatazame magari yenyewe. Motokaa za zamani hazikuundwa kumwambia mwenyewe habari za petroli yake. Ford Model T, iliyoundwa Marekani tangu mwaka 1908 hata 1927, haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lake lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na petroli ilitiririka kwa uzito wake yenyewe kwenda kwenye injini. Petroli ikiwa chache na kilima kikiwa kikali, injini iliinuka juu kuliko tangi, petroli ikakataa kupanda, na gari likazimika ingawa halijaishiwa. Madereva wa siku hizo waligeuza gari na kukipanda kilima kinyumenyume, ili tangi liwe juu ya injini. Aliyewaona kwa mara ya kwanza aliwadhania wendawazimu, kumbe walikuwa watu wenye akili. Ili kujua kiasi kilichobaki, dereva aliinua kiti, akafungua kifuniko, akatumbukiza ufito.

Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, iliyopendwa sana Afrika Mashariki, ilikaa bila geji ya petroli mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Badala yake palikuwa na kishikio kidogo karibu na miguu ya dereva. Injini ilipoanza kukohoa, dereva alikigeuza kwa mguu, na akiba ya lita 5 hivi ikafunguliwa. Hiyo ilimtosha kutafuta kituo. Lakini kishikio hicho kilitaka mtu mwangalifu. Aliyesahau kukirudisha mahali pake baada ya kujaza tangi alisafiri akila akiba yake bila kujua, na siku injini ilipokohoa tena, alipeleka mguu akakuta kishikio kimekwisha kugeuzwa. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini akiba iliyosahauliwa wazi huliwa yote kabla ya siku ya shida.

Magari yaliyofuata yalitiwa geji. Ndani ya tangi mna boya dogo liendalo juu na chini pamoja na petroli, nalo huuambia mshale ulioko mbele ya dereva. Gari likiwa jipya, mshale husema kweli. Gari likizeeka, waya hushika kutu, na mshale ukabaki umesimama nusu hata tangi likiwa kavu. Mwenye gari huzoea uongo huo. Husema, "Najua, likionyesha nusu maana yake ni robo." Siku moja maana yake huwa hakuna kitu.

Hesabu ya safari ndiyo dawa, na haihitaji elimu kubwa. Chukua mfano wa mtu mwenye gari kuukuu ambalo, likishuka kwenda pwani bila mzigo, huenda kilometa 10 kwa lita moja. Yuko Mombasa, ataka kurudi bara, na fedha zimepungua. Aazimu kununua petroli ya kumfikisha Mtito Andei tu, kilometa 255, ambako ndugu yake atamtumia pesa. Anunua debe moja na nusu, yaani lita 27, kwani debe ni galoni 4, nazo ni lita 18 hivi. Kwa hesabu yake zatosha kilometa 270, na kilometa 15 za ziada. Lakini safari hii amempakia mama mkwe, watoto watatu, magunia mawili ya nazi na godoro juu ya paa. Gari lapanda, jua ni kali, upepo watoka mbele. Sasa laenda kilometa 8 tu kwa lita. Mara 27, hizo ni kilometa 216. Gari litazimika kilometa 56 baada ya Voi, jirani na Mto Tsavo, na Mtito Andei iko mbele kilometa 39. Saa zenyewe ni saa kumi na mbili na nusu za jioni.

Kosa la mtu huyu si uvivu. Wenye magari kuukuu wengi hawajazi tangi kwa sababu zilizo wazi: pesa ni chache, au tangi limetoboka upande wa juu na petroli huvuja likijazwa, au gari hulala nje na wezi huinyonya kwa mpira usiku. Lakini kuziba tundu la tangi hugharimu kidogo kuliko kukodi gari la kulivuta jingine kutoka Tsavo, na debe moja la ziada ni rahisi kuliko usiku mmoja na watoto katikati ya wanyama.

Gari likizimika mahali kama hapo, jambo la kwanza ni kulisukuma nje ya lami lingali na mwendo kidogo, maana malori hupita huko usiku kucha, na gari lisilo na taa ni kaburi kwa walio ndani yake na kwa walio nyuma yake. Vibao vya pembetatu viwekwe mbali, mbele na nyuma, na asiyekuwa navyo aweke matawi ya miti kama ilivyo desturi ya barabara zetu. Abiria wasiende vichakani. Watoto wakae garini, na maji yatunzwe kwa ajili yao kwanza. Aendaye kutafuta petroli aende kwa gari lipitalo, si kwa miguu.

Aidha si kila gari lizimikalo limeishiwa. Katika joto la Taru, petroli yaweza kuchemka ndani ya bomba karibu na injini na kugeuka mvuke. Pampu huvuta mvuke badala ya petroli, na gari husimama kana kwamba tangi ni tupu. Dawa yake ni kungoja kivulini, kufunika pampu kwa kitambaa chenye maji, kisha kujaribu tena. Pengine petroli ipo lakini ni ile ya chini kabisa, iliyochanganyika na kutu na uchafu wa miaka mingi, nayo huziba chujio na kabureta. Ufito mkavu na safi ndio utakaotoa hukumu: ukitoka umelowa, petroli ipo, na ugonjwa uko kwingine. Mwenye gari la dizeli ajue pia kwamba likiisha kukauka halitawaka kwa kumwagiwa mafuta tu. Hewa iliyoingia katika mabomba lazima itolewe kwanza, na kazi hiyo yataka spana na mtu anayeijua.

Yapo mambo matatu ambayo dereva aliyekwama hujaribu, nayo huua. La kwanza ni kuwasha kiberiti ili achungulie ndani ya tangi usiku. Tangi lililo karibu tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. La pili ni kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira kutoka gari la rafiki. Tone likishuka mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali au kumwua. Na aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe kwa daktari. La tatu ni kuzima injini na kuteremka kwa gia huru ili kubana petroli. Gari huongeza mwendo, injini haisaidii tena kulizuia, breki hupata moto na kulegea, na dereva aliyetaka kuokoa lita moja hupoteza gari zima.

Tena petroli haina huruma kwa maskini. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, mbali na barabara hii lakini katika nchi hii hii, lori la petroli lilipinduka, na watu wakaja na ndoo na madebe kuichota. Moto ulipowaka, zaidi ya watu mia moja walikufa. Tangu mwaka 1978 petroli hupita pia ndani ya bomba kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Msafiri aliyekwama aweza kusimama na debe tupu, na mafuta ya mji mzima yakipita chini ya ardhi si mbali naye. Si yake, na asithubutu kuyagusa.

Afadhali aitegemee hisani ya watu, ambayo katika barabara hii haijakauka. Hapo Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako kila msafiri, wa dini yoyote na kabila lolote, hupewa chakula bila malipo na hupata pa kupumzika. Madereva wa malori nao wana sheria yao isiyoandikwa: amwonaye mwenzake ameinua debe juu husimama, ikiwa ni mchana na mahali pa wazi. Lakini mwenye kusaidiwa leo na asaidie kesho, tena arudishe debe la watu.

Mwenye gari kuukuu hana haja ya kuliacha nyumbani. Magari mengi ya miaka mingi yamepanda na kushuka barabara hii bila aibu, kwa sababu wenyewe walikuwa na vitu vitatu: ufito wenye alama, mtungi wa chuma wenye kifuniko kizuri, na daftari. Katika ufito walitia alama kila walipomimina lita tano katika tangi tupu, wakajua kusoma tangi lao kuliko mshale wowote. Mtungi walijaza kabla ya safari, wakaufunga imara mahali penye hewa, mbali na injini na abiria. Na katika daftari waliandika kila safari: lita ngapi, kilometa ngapi, mzigo gani, kupanda au kushuka. Mtu akiandika hivyo safari nne, atajua gari lake linakula kiasi gani likipanda na kiasi gani likishuka, na hatazichanganya hesabu hizo mbili tena. Kisha ajaze Mombasa, apime Voi, aongeze hapo hata kama ufito waonyesha nusu, apime tena Mtito Andei. Na jua likiwa limekwisha kuelekea magharibi alipo Voi, alale Voi.